Goma Iliyoko Mangobo

Liévin alikuwa na wivu hata kabla hajaoa, na ndoa haikumponya. Alikuwa fundi cherehani mtaani Mangobo, mjini Kisangani, mtu mzima mwenye heshima zake, suti zake zikivaliwa kila harusi. Cherehani yake aliiweka barazani, ikitazama njia. Wateja walidhani ni kwa ajili ya mwanga. Kumbe ilikuwa ni kwa ajili ya mkewe, Kasoki, ili amwone akitoka na amwone akirudi. Mateso yake yote yalikuwa hapo katikati, baada ya kutoka na kabla ya kurudi.

Kasoki aliuza maharagwe na vitunguu kwa jumla, kama watu wengi wa kwao. Alikuwa Mnande aliyekulia Goma, na huko Goma aliwahi kuposwa na mwanamume aitwaye Sébastien. Mbuzi wa mahari walikuwa wameshafika kwa wajomba zake, wanakula majani uani, wakati Liévin alipokuja mjini kununua vitambaa. Alikuwa kijana wa Yanonge, mtoto wa mto, hajui mbuzi hata kidogo. Kasoki akampenda huyo. Mbuzi wakarudishwa wote kwa mwenyewe, wajomba wakanuna mwaka mzima.

Mtu mwenye akili timamu angeona huo ni ushindi. Liévin aliona ni onyo. Mwanamke aliyerudisha mbuzi wa mtu mara moja, alijiuliza, ana shida gani ya kurudisha tena? Na Sébastien hakuwa mtu wa kusahaulika. Alikuwa na duka la intaneti pale Goma, mrefu, mpole, anaimba kwaya. Barabara nzima mbovu ilikuwa kati yao, na msitu, na mito, lakini Liévin alimwonea wivu kutoka huko mbali bila kuchoka, miaka nenda miaka rudi. Hodari kweli kwa kazi hiyo.

Halafu vita ikafika Goma. Mwaka ule mji ulipoanguka mikononi mwa waasi, Kasoki alikuwa akipika na simu mkononi, akila na simu mkononi. Mama yake alikuwa huko. Mtandao ulikuwa ukikatika, ukirudi, ukikatika tena. Kisangani nako watu hawakuwa na raha: ndege zisizo na rubani zilikuwa zimeshajaribu kufika uwanja wa ndege, na tangu siku hiyo kila mgeni alitazamwa mara mbili. Yule aliyetoka mashariki alitazamwa mara tatu.

Ndipo Olga akaja na programu yake. Olga alikuwa mtoto wa dada yake Liévin, msichana aliyesomea kompyuta chuo kikuu, na sasa alifanya kazi na shirika dogo lililosaidia familia zilizotawanywa na vita kujuana ziko wapi. Alikuja Jumapili mchana, akakuta lituma ya ndizi za kupondwa na samaki mezani, akanawa, akaanza kula na kueleza kwa pamoja.

"Tonton, mama Kasoki, musikie. Kila ruta ya Wi-Fi iko inatangaza numéro yake, muchana na usiku, hainyamaze. Simu za kawaida zinasikia zile numéro, zinazituma kwa masociété makubwa kule mbali, nabo banajibia: uko fasi fulani. Bon. Donc banajua fasi uko. Kila siku banajua."

"Na hii yenu?" Kasoki akauliza.

"Hii yetu haiulize mutu. Karte yote ya mashariki, ile ramani, na ruta zake zote, tunaiweka ndani ya simu yako. Simu inasikia, inatafuta yenyewe, inajua muji gani uko. Kisha unachagua batu yako. Bale tu, banaona jina ya muji. Hapana avenue, hapana nyumba. Muji, basi."

"Na ninyi mu bureau?"

"Sisi hatuone kitu. Mutu anaweza kuja na bunduki ku bureau, atakuta hatujui."

Kasoki alilia kidogo, kisha akaweka programu kwenye simu yake. Aliwaruhusu dada zake, kaka yake aliyekuwa na mama, na Olga. Liévin alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, anakohoa. Akamruhusu naye, na kwenye simu yake pia akamwekea.

Liévin alilala na furaha usiku huo. Asubuhi mkewe alipotoka tu, akaifungua. *Kasoki: Kisangani.* Akashona kola, akaifungua tena. *Kisangani.* Mchana, *Kisangani.* Mji una komuni sita, hoteli, vichochoro, beach za mto zinapofungwa mitumbwi, vyumba vya kupanga visivyo na idadi, na simu inamwambia Kisangani! Hata yeye alijua mkewe yuko Kisangani. Zamani alikuwa hajui kitu, na hiyo ilimuuma. Sasa alijua kidogo, na kidogo hicho kilimwasha kuliko upele.

Akamfuata Olga ofisini, anajifanya anapita tu.

"Hakuna namna ya kuona avenue?"

"Hakuna, tonton."

"Wewe uliitengeneza."

"Tuliitengeneza hivyo ili hata sisi tusiweze." Olga alimtazama vizuri. "Juu ya nini unauliza?"

"Juu ya usalama," akasema Liévin, akaondoka.

Basi wivu ukaendelea na kazi yake. Mpaka Alhamisi moja, wakati Liévin anaunganisha mikono ya koti la bwana harusi, akaifungua simu kwa mazoea, akaona: *Kasoki: Goma.*

Alifuta kioo kwa kanga. *Goma.* Aliizima simu, akaiwasha. *Goma.* Mkewe alikuwa ametoka asubuhi ileile, miguu ndani ya kandambili, na galoni ya mafuta ya mawese kichwani. Barabara ya Goma ilikuwa imefungwa na majeshi. Ndege hazikwenda. Hata malaika angechelewa kidogo. Haiwezekani, alijiambia, na moyo wake ukamjibu kwamba haiwezekani lakini iko. Alikuja kugundua baadaye kwamba mkono wa kushoto wa koti ameushona ndani nje.

Kabla ya jua kugeuka, simu ikasema Kisangani tena. Kasoki akarudi na nyanya.

"Uko unatoka wapi?"

"Soko, Papa Prudence. Wapi tena?"

Alimwita hivyo, kwa jina la binti yao aliyekuwa bwenini Yangambi, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Liévin, ambaye siku zote wivu wake ulitoka mdomoni kabla hajameza mate, safari hii alinyamaza. Kitu kilikuwa kimemwingia kilichokuwa kikubwa kuliko maneno yake. Sébastien alikuwa Goma. Simu ya mkewe ilikuwa Goma. Zaidi ya hapo hakuelewa, wala hakuhitaji kuelewa ili aumie.

Alhamisi iliyofuata, Goma tena. Safari hii Liévin aliacha cherehani na uzi ndani ya sindano, akaenda mbio kwa Olga, hakujifanya anapita.

Olga aliangalia simu, akacheka. "Mama Kasoki ana mabawa!" Kisha akafikiri, na kicheko kikaisha.

"Keti, tonton. Nikueleze, lakini usikie mpaka mwisho. Ruta moja tu haitoshi simu kujibu. Tuliikataza. Juu ya nini? Juu mutu akihama na ruta yake, kila mwenye anajua numéro yake angeweza kumufuata mpaka nyumba mupya. Donc simu inasikia ruta moja, inanyamaza. Inataka mbili, zenye karte inajua zilikuwa majirani. Zikisikika pamoja, hapo inaamini."

"Goma iko mbali. Zitasikika namna gani hapa?"

"Zikiwa hapa."

Liévin akaigeuza simu, akaitazama kwa nyuma.

"Mutu amehama na ruta zote mbili, tonton. Kutoka Goma. Amezibeba, ameziwasha hapa Kisangani, fasi moja, na karte yetu ingali inafikiri ziko kule. Mangobo ruta ni chache, hakuna mutu alizipima vizuri, hakuna kitu ya kubisha." Aligonga paji la uso. "Hatukufikiria vile! Batu ya vita banakimbia na matela, na sufuria, na watoto. Nani anakimbia na ruta mbili?"

Liévin alijua nani. Anakimbia na ruta mbili mtu ambaye ruta ndiyo jembe lake. Mtu mwenye duka la intaneti, mrefu, mpole, anaimba kwaya. Ilimuuma, na katikati ya maumivu hayo akahisi pia raha ya ajabu, raha ya mtu aliyesema kwa miaka kwamba nyumba ina nyoka, na sasa kaona mkia.

"Tonton." Olga alimshika mkono. "Usitafute ile nyumba. Nakuomba. Sasa mutu wa Goma akijulikana hapa, banasema ni espion, ni mupelelezi. Quartier itamumaliza kabla polisi hajafika. Kama amejificha, iko na sababu."

"Sitatafuta," akasema Liévin. Aliahidi jinsi watu wanavyoahidi huku wameshavaa viatu.

Hakumfuata Kasoki nyuma nyuma, maana Kasoki alijua mwendo wake hata kwenye giza. Alikuwa na njia bora. Simu yake mwenyewe ilikuwa na programu ileile, na masikio yaleyale. Angetembea Mangobo yote, mtaa kwa mtaa, mpaka simu yake nayo iseme yuko Goma. Hapo atakuwa amefika.

Alhamisi ya tatu akangoja mkewe apotelee kwenye kona, akafunga cherehani, akatoka. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo mwekundu ulimng'ang'ania viatu. Alitembea ameinua simu mbele ya kifua, akikitazama kioo, akitazama nyumba, akikitazama kioo. Akifika penye ua mrefu, alisimama, akanyoosha mkono na simu juu ya matete, akangoja, akaufuata ua huo mpaka mwisho. Wanawake waliokaanga mikate kando ya njia waliacha kugeuza mikate. Mwendesha pikipiki mmoja alimsalimia kwa jina, hakuitikia. Alikuwa haoni mtu. Aliona tu neno *Kisangani*, limekaa pale kwenye kioo na ukaidi wake, na alilichukia kama linavyochukiwa jina la mpangaji asiyetaka kuhama.

Mambo aliyoyawaza njiani hayaandikiki yote. Aliwaona wameketi pamoja. Aliwaona wanamcheka, fundi mshona suruali. Aliona mbuzi, mbuzi wale wale wa zamani, wanarudishwa kwa wajomba kwa shangwe. Alijiuliza atasema nini akiwakuta, akatunga maneno mazuri sana, makali, yenye heshima, yatakayomfanya Sébastien alie na Kasoki apige magoti. Alikuwa anayarudia kwa sauti ya chini alipopita nyuma ya soko, kwa wauza mawese, na simu ikatetemeka mkononi.

*GOMA*, iliandika, kwa herufi kubwa katikati ya kioo.

Mbele yake palikuwa na ua wa matete na lango la bati. Na ndani ya ua, Kasoki alikuwa anacheka.

Kicheko hicho Liévin hakuwa amekisikia tangu Goma ianguke. Kilitoka tumboni, kikakatika, kikaanza tena, na baada yake yakafuata maneno ya Kinande, ya haraka, yaliyorushwa na kupokelewa. Nyumbani kwake Kasoki alicheka kwa adabu. Hapa alicheka kama mtu aliyevua viatu. Maneno yote mazuri aliyoyatunga Liévin yakamtoka kichwani, akabaki amesimama na simu yake, anaona wivu juu ya kicheko, wivu mkali kuliko wote wa maisha yake, maana mtu unaweza kupigana naye.

Mkono ukamshika ukosi kwa nyuma.

"Huyu! Tangu kule kwa kanisa iko anapima manyumba na simu!"

Walikuwa wengi. Walikuwa wamemfuata tangu mtaa wa tatu, na yeye hakugeuka hata mara moja. Vijana wa pikipiki, wauza mawese, mwanamke na mwiko wake wa mikate. Wote walikuwa na uso mmoja.

"Anaonyesha bale ba drone fasi ya kupiga!"

"Mumunyanganye simu!"

Wakamnyang'anya. Kwa bahati chef Hilaire, mkuu wa mtaa, hakuwa mbali. Alikuja anavaa kofia yake ya kazi, akawasukuma watu, akaichukua simu, akaivuta mbali na macho ili asome vizuri. Halafu akasoma kwa sauti, na afadhali asingesoma.

"Goma."

Watu wakanguruma. Liévin alihisi jiwe linapita karibu na sikio lake, likapiga bati la lango.

"Uko Mangobo," akasema chef Hilaire polepole, "na simu yako iko Goma. Na nchi iko na vita na bale ba Goma. Mi ninakujua, Liévin, ulinishonea. Alors eleza. Eleza mbio, juu hawa batu siwezi kubashika sana."

Hapo lango likafunguliwa.

Sébastien alitoka wa kwanza. Liévin alimjua kwa urefu tu, kwa maana kila kitu kingine kilikuwa kimepungua: mashavu, nywele, mabega. Alitazama umati, akatazama simu mkononi mwa chef, akaelewa, akawa mweupe midomoni. Nyuma yake alisimama Kasoki, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, maji yanadondoka. Na nyuma ya Kasoki, kupitia mlango ulio wazi, mwanamke mwingine alikuwa amelala kwenye mkeka, mguu mmoja umefungwa vipande vya mbao, beseni kando yake. Huyo ndiye aliyekuwa anamchekesha Kasoki. Huyo ndiye aliyekuwa anaoshwa.

Liévin aliona yote kwa mara moja, na hayakumsaidia. Ungedhani wivu ungeondoka hapo, ukiaibika. Haukuondoka. Ulimwambia: lakini hakukwambia. Alikuja kwake kila Alhamisi na hakukwambia.

Na sasa kazi ilikuwa nyepesi sana. Ilihitaji sentensi moja, na ilikuwa kweli tupu: si mimi, chef, ni hawa, hawa ndio wa Goma, ingieni ndani muone ruta zao mbili. Simu yenyewe ingetoa ushahidi. Angeokoka yeye, na angeondokewa na Sébastien, leo, na mbele ya mashahidi. Miaka yote aliiomba ardhi immeze mtu huyu, na leo ardhi ilikuwa imesimama mbele yake imevaa kofia ya kazi, inamwuliza aanzie wapi.

Kasoki hakumwomba kitu. Hakutikisa hata kichwa. Alimtazama tu, jinsi unavyomtazama mtu usiyemjua ameshika kisu, hujui atakata upande gani. Na Liévin aliona kwamba mkewe, aliyelala naye miaka yote hiyo, kweli alikuwa hajui. Hilo lilimchoma kuliko kicheko.

"Chef," akasema, "ni wivu."

"Ni nini?"

"Wivu, chef. Niko nafuata muke wangu." Sauti ikampasuka, akaipandisha, basi wasikie wote. "Niko na wivu! Kila siku anatoka, sijui fasi anaenda, sioni usingizi. Banipatia ile programme ya kujua fasi ya muke wangu. Mi sijui kuitumikisha. Natafuta muke, inanionyesha mama-mukwe. Mama-mukwe ndiye iko Goma!"

Kisha mwanamke wa mikate akaanza, na mwiko wake juu.

"Yo! Amefuata muke, amefika kwa mama-mukwe!"

Mangobo yote ikaangua kicheko. Vijana waliegemea pikipiki zao. Yule aliyeshika ukosi akauachia ili ajishike mbavu. Mtu akauliza kama suti anazoshona huwa anazipeleleza nazo zikitembea usiku, mwingine akamwonyesha kwa kidole, "Cheki mukewe ni yule, alikuwa anaosha mugonjwa, masikini!" Liévin alisimama katikati yao, uso umewaka, na akauacha uwake. Heshima yake yote ya mtaa ilikuwa inatembea kwa mguu wake, inaondoka, na haikuwa na haraka. Sébastien alikuwa anasikia. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi: kwamba Sébastien sasa alijua.

Chef Hilaire alifuta machozi kwa mgongo wa mkono. Lakini hakuwa mjinga, na kazi yake ilikuwa kazi yake.

"Na hawa ni ba nani?"

"Shemeji zangu. Batu ya Butembo."

"Shemeji zako." Chef aliangalia ua, akaangalia mguu uliofungwa mbao. "Hawakuja kwangu kujionyesha. Na shemeji wako anapanga nyuma ya soko, na wewe uko na nyumba ya vyumba vine? Kwenu ku mto, mugonjwa wa muke wako analala inje?"

Swali hilo lilikuwa na mtego, na watu walikuwa wameanza kuacha kucheka ili wasikie jibu. Liévin alilitafuta jibu lingine, akalikosa.

"Hapana, chef. Nilikuja kubachukua. Leo banahamia kwangu."

"Bon," akasema chef Hilaire, akamrudishia simu. "Kwako najua mulango. Babebe sasa hivi, nione."

Basi Mangobo ikaona msafara. Aurélie, mke wa Sébastien, alilazwa kwenye mkokoteni wa mawese, mguu umeinuliwa juu ya mto. Walipokuwa wakikimbia Goma, lori lao lilikuwa limelala ubavu kwenye matope huko ng'ambo ya Bafwasende, na mguu wake ukiwa chini ya magunia. Hospitali waliogopa, kwa kuwa hospitali wanauliza umetoka wapi. Kasoki alitembea kando yake akimshika mkono. Sébastien alibeba mfuko mmoja, na ruta zake mbili amezifunga ndani ya shuka kifuani. Na nyuma yao wote alitembea Liévin, na godoro la Sébastien kichwani pake, maana hapakuwa na mtu mwingine wa kulibeba.

Olga alikuja jioni ileile, habari zilikuwa zimeshamfikia mpaka ofisini. Hakumgombeza tonton wake. Alikaa chini na Sébastien, wakaongeza mkia wa herufi chache kwenye majina ya ruta zile, mkia ambao wachora ramani wakiuona wanaacha ruta hiyo nje. "Zilale zimezimwa kwanza," akasema. "Karte itasahau polepole." Sébastien alishukuru. Alimshukuru Olga, akamshukuru na Liévin, kwa maneno machache, bila kumtazama machoni, na upole wake uleule ambao Liévin aliuchukia miaka yote. Na bado aliuchukia. Alimpa chumba, alimpa taa, akamtakia usiku mwema, na wivu ulikuwa palepale, umekula umeshiba.

Kasoki alimkuta barazani anakunja vitambaa ambavyo vilikuwa vimeshakunjwa.

"Ungeniambia," akasema Liévin.

"Ningekuambia Sébastien amekuja, mimi ndiye namupelekea mafuta, mimi ndiye naosha muke wake. Ungefanya nini?"

Liévin aliacha kukunja. Alitafuta ndani yake yule mtu ambaye angesema, vizuri, twende wote. Hakumpata, na Kasoki alimwona anavyomtafuta.

"Leo umefanya kitu kikubwa, Papa Prudence. Nimeona. Mbele ya batu wote umejivua nguo. Aurélie analia mpaka sasa, anakuombea kwa Mungu." Aliketi kando yake, bega likagusa bega, na kwa muda Liévin alifikiri yameisha. "Lakini asubuhi ulitoka na ile simu, ukatuletea quartier nzima ku mulango. Olga alikukataza. Ulijua. Ungetuua, na ungekuwa unasema ni juu ya kupenda."

Akatoa simu yake. Hakujificha, aliigeuza ili mumewe aone vizuri. Akaingia kwenye programu, kwa wale aliowaruhusu, akafika kwenye jina la Liévin, akaliondoa.

"Mama yangu atajua muji niko. Dada zangu batajua. Wewe uko muume wangu, fasi niko utaijua kwa mudomo yangu. Nitakuambia, na utaamini. Ukishindwa, uniambie leo, nijue la kufanya."

Liévin hakuuliza la kufanya ni lipi. Alijua. Mwanamke huyu alishawahi kurudisha mahari, na hakuwa anatishia tu.

"Nitajaribu," akasema.

"Hapana kujaribu."

"Bon. Nitaamini."

Siku zilizofuata nyumba ilijaa Kinande na harufu ya dawa ya mguu. Wateja walikuja kwa wingi kuliko kawaida, nusu yao hawakuwa na nguo ya kushonwa, walitaka kumwona mtu wa mama-mkwe. Liévin aliwapima viuno wote.

Alhamisi ikafika. Aurélie alikuwa amelala chumbani, mguu unaanza kupata nafuu. Sébastien alikuwa barazani kando ya cherehani, anachambua maharagwe kwenye ungo, kwa sababu hapendi kukaa bure. Kasoki akatoka amevaa kitenge cha kutokea, mkoba begani, akasimama kwenye ngazi.

"Naenda soko," akasema. "Kisha nitapita fasi ingine kidogo."

Liévin alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Sébastien alikuwa hapa. Alikuwa hapa mbele yake, anapuliza makapi ya maharagwe, hakuna mahali duniani alipoweza kuwa isipokuwa hapa. Basi fasi ingine ni wapi? Kwa nani? Kitenge cha kutokea, cha nini? Maumivu yalimpanda yaleyale, mazima, hayajapungukiwa kitu, na kwa mara ya kwanza maishani hayakuwa na jina la mtu. Akaogopa. Aliwatazama hao wawili, akaelewa kwamba angeweza kumhamisha Sébastien mpaka mwisho wa dunia, na asubuhi inayofuata bado angeamka hivi.

Kasoki hakuondoka. Alikuwa anangoja pale kwenye ngazi, mkono kwenye mkanda wa mkoba, hatazami njia, anamtazama yeye.

Maswali yalimjaa mdomoni, kila moja na ncha yake. Aliyameza moja baada ya jingine, na yalikuwa makavu.

"Bon," akasema. "Enda."

Kasoki akashuka ngazi, akavuka dimbwi la mvua, akakata kona ya kwa wauza mikate, na Liévin hakujua tena yuko wapi.